Kinga ya Kokuhirwa

Mimi ndiye Avelina. Kama umepita Kituntu miaka hii mitatu ukasikia habari za shangazi aliyemzikia mtoto wa kaka yake dawa mkononi ili asizae, usitafute mbali, ndiye mimi huyu ninayechambua maharage mbele yako. Sing'ati. Kaa hapo, ila hicho kigoda kina mguu mbovu, egemea ukutani.

Nianzie kwangu mwenyewe, maana watu wakinisimulia huanzia kwenye uchawi. Niliolewa Isingiro nikiwa na miaka ishirini na miwili, nikakaa na mume miaka kumi na mmoja, mtoto hakuja. Nilikunywa kila jani walilonichemshia. Mwaka uliofuata mume akaleta mke mwingine, na yule mwenzangu akazaa mapacha mwaka huohuo, utadhani ananikomoa. Nikafunga mzigo nikarudi kwetu Kituntu. Kaka yangu Melkiory, nisimnyime haki yake, hakuniuliza swali hata moja. Alinikatia kipande pembeni mwa kibanja, shamba letu la migomba, akanijengea vyumba viwili, akasema, "Dada, hapa ni kwa baba yako. Palilia migomba ule." Nikapanda na mibuni arobaini kwa mikono yangu hii. Lakini elewa, kwetu mwanamke aliyerudi hana shamba, ana kaka. Hilo nililijua tangu siku ya kwanza, na kwa miaka kumi na minane nilikaa pale kwa adabu.

Kokuhirwa nilimkuta ana miaka miwili. Alinizoea kuliko mama yake mzazi. Alilala kwangu, alikula kwangu, na akiumwa alilia "Shangazi!" kabla ya "Mama!" Wifi yangu Mackrine hakupenda sana, lakini angefanya nini? Kwetu mambo ya mwili msichana haambiwi na mama yake, mama anaona haya. Ni kazi ya shangazi. Shangazi ndiye anayemfundisha kukaa, kuoga na kujitunza akiwa kwenye siku zake, na siku ya harusi ndiye anayekaa ubavuni mwa bibi harusi. Asipoonekana hapo, watu wanaulizana kulikoni. Mimi niliyekosa wa kwangu niliingoja siku hiyo kama mtu anayengoja senene mwezi wa Novemba.

Basi mtoto akafaulu, akaenda chuo kikuu, mbali huko, kusomea sheria miaka minne. Melkiory ni mwenyekiti wa kigango, alitangaza kanisani kabla hata padri hajasema matangazo yake. Lakini siku ya kumsindikiza, mbele yetu sote, alimwambia: "Nikisikia habari ya mwanaume, chuo basi. Utarudi hapa upalilie migomba." Na Melkiory si mtu wa kutisha watu bure. Dada mkubwa wa Kokuhirwa alimtoa sekondari kwa barua moja ya mvulana. Barua tu, jamani! Yule binti hakurudi shule mpaka leo.

Likizo ndefu ya mwaka wa kwanza Koku akarudi, hali, hacheki. Nikamwita migombani tukate majani ya kufunikia ndizi. Nikamwambia, "Sema. Mimi si baba yako."

Akasema. Kumbe chumbani kwao walikuwa wasichana wanne. Mmoja alikuwa anameza P2, zile dawa za dharura, kama njugu, kila wiki, mpaka mwili ukamvurugika na damu ikawa haikati. Mwingine aliambiwa na wenzake anywe maji ya majivu na chai ya rangi nzito akishatoka kwa mwanaume. Huyo alirudi kwao na mimba kabla ya mitihani. Halafu wakaja watafiti na karatasi za maswali, wakagawa ukumbini: taja njia za kuzuia mimba unazozijua. Koku akataja tisa! Sindano, vidonge, kitanzi, vijiti, zote. Swali la mwisho likauliza, wewe mwenyewe unatumia ipi? Hapo akaacha wazi.

"Shangazi, nilijua kila kitu isipokuwa hilo moja," akasema, na machozi yakaanza.

"Una mtu?"

Akainama, akaanza kukusanya majani tuliyokwisha kukata.

"Anaitwaje?"

"Winston."

"Winston! Na ukoo wake nao ni Winston, au ana jina la kueleweka?" Akacheka kidogo, nami ndicho nilichotaka. "Na mnajikingaje, wewe na Winston wako?"

"Tunahesabu siku."

"Kuanzia lini?"

"Siku nikimaliza kuona siku zangu."

Yesu na Maria! Nikaweka panga chini. Mimi niliyehesabu siku miaka kumi na mmoja nikitafuta mtoto, nani atanifundisha kuhesabu? Nikamwambia, "Mama, unaanza siku ya kwanza ya kuona, si siku ya kumaliza. Hizo mnazoziita siku salama ndizo nilizokuwa nazitafuta mimi kwa tochi. Mshukuru Mungu mpaka hapa." Akashika kichwa kwa mikono miwili. Mtoto wa chuo kikuu, ametaja njia tisa kwenye karatasi, hajui mwezi wake unaanza lini.

Nikamuuliza kwa nini hakwenda zahanati ya chuo. Akasema nesi wa pale wanaimba naye kwaya moja, na wasichana wakikuona kwenye lile benchi wanakupa jina kabla hujainuka. Nikamwambia, "Haya. Kesho tunakwenda kuhani msiba Isingiro."

Hakukuwa na msiba. Nilichagua Isingiro kwa sababu kule ni wilaya nyingine, Kyerwa, hakuna anayemjua yeye, na kwenye zahanati ya kule nilikuwa namjua nesi mmoja, Shufaa, binti wa mwenye duka nilikokuwa nikinunua chumvi nikiwa mke wa watu. Tukapanda mchomoko, vile vigari vidogo vya kwetu, tukafika saa nne asubuhi. Shufaa alituweka chumba cha ndani, akamweleza mtoto njia moja moja kwa utulivu, na lini hedhi inaweza kuvurugika, na lini arudi. Koku akaona haya kuvua mkono wa gauni. Shufaa akamtania, "Mficha uchi hazai, mwanangu. Wewe umekuja kutozaa, lakini uchi ni uleule, vua."

Akachagua kijiti, kile cha miaka mitatu. Kabla ya kumweka, Shufaa akamuuliza mbele yangu, "Umelazimishwa na mtu?"

"Hapana," Koku akasema. "Nimeamua mwenyewe. Shangazi amenisindikiza tu."

Yakumbuke maneno hayo. Mimi nimeyakumbuka kila siku.

Tulipotoka akanipa kadi ya zahanati. Ilikuwa na jina lake kamili, tarehe, neno "kijiti", na siku ya kukitoa. "Shangazi, kaa nayo wewe," akasema. "Bwenini wataiona, na nyumbani mama anapekua." Nikaitia ndani ya kitabu changu cha sala, kwenye ukurasa wa litania. Tuliporudi tukanunua karanga, tukacheka njia nzima. Nilijiona mama.

Mkesha wa Noel mwaka huohuo Koku akaja tena likizo. Sasa sikia namna mambo yalivyoharibika, maana hakuna mahali pengine duniani yangeharibika hivi. Sisi mtu aliyepotea siku nyingi hatumpi mkono tu. Wazee wetu wanamkumbatia, halafu viganja vyao vinapanda na kushuka kwenye mikono yake, begani hadi kiwiko, wakimuuliza habari za huko atokako. Mama yetu, bibi yake Koku, alikuwa na miaka themanini na kitu, macho yameingia ukungu, kwa hiyo yeye alisalimia kwa viganja kuliko kwa maneno. Akamvuta mjukuu wake, akampapasa. Kiganja kikasimama. Kikarudi. Kikasimama tena palepale.

"Kuna nini humu?" mama akauliza.

Sebuleni tulikuwa sote, Melkiory kwenye kiti chake, Mackrine na sinia la ndizi, mimi na kuku ninayemnyonyoa mlangoni.

"Humu ndani ya nyama kuna kitu," mama akapiga kelele. "Kigumu! Kimelala kama njiti. Melkiory, huyu mtoto amezikiwa dawa!"

Melkiory akainuka. Mackrine akaweka sinia chini, akaja kushika. Akabonyeza kwa kidole kimoja, akanitazama mimi, kisha akainamisha uso. Akajua papo hapo. Wifi yangu kazaa watatu akakoma, na wa mwisho ana miaka kumi na minne. Wewe unadhani alikoma kwa rozari? Chake nilikiona mwenyewe, nilimkanda na maji ya moto siku mkono ulipovimba, na mumewe tukamwambia ni jipu. Hata siku hiyo ya mkesha neno moja tu lingetosha kutoka kwake. Hakulitoa.

"Ni nini hicho?" Melkiory akamuuliza binti yake.

Koku akavuta mkono wa gauni kupafunika. "Ni kinga, baba."

"Kinga ya nini?"

"Ya kunilinda. Huko chuoni."

"Nani kakuwekea?"

Ndipo akasema. "Shangazi ndiye aliyenipeleka. Kule Isingiro."

Umeona? Hakuna uongo hapo. Kila neno ni kweli, hata Shufaa angelitia sahihi. Lakini wewe mwambie mzee wa kigango na ajuza wa miaka themanini kwamba mtoto ana kinga ndani ya nyama, na kapelekwa na shangazi yake tasa, kule alikoachika, halafu ungoje uone watakachosikia. Mama akaanza kulia kwa sauti ya msibani. "Avelina! Wewe umekosa, ndio unataka na mtoto wa mwenzio akose?"

Nikamtazama Koku. Nilikuwa nangoja aongeze neno moja tu. Akatazama kuku mikononi mwangu, akatazama mlango, akatazama miguu ya baba yake. Kuniangalia mimi, ng'o.

"Muulizeni vizuri yeye mwenyewe," nikasema.

"Nimeshasema," Koku akajibu.

Ningeweza kusema mimi. Kijiti, herufi sita tu. Lakini nikisema kijiti, Melkiory atauliza cha kazi gani, na akishajua cha kazi gani, chuo basi, na dada yake mkubwa yule pale jikoni anamenya ndizi kwa ajili ya barua moja. Nikanyamaza. Nikajiambia mtoto ana hofu, ikitulia atasema.

Melkiory akataka kitolewe siku hiyohiyo. Mackrine akadakia haraka, "Nitampeleka mimi hospitali." Wakaenda Kayanga, mama na binti, wakarudi jioni mkono umefungwa plasta kubwa jeupe. Melkiory akaridhika. Chini ya lile plasta, kijiti kilikuwa kimelala palepale kilipolala. Niliambiwa na Koku mwenyewe. Kwa hiyo waliojua tulikuwa watatu, na kati yetu watatu wakachagua mmoja wa kutupwa.

Jumapili baada ya ibada wakaita kikao cha ukoo. Mwenyekiti alikuwa mzee Yustus, mkubwa wa ukoo wetu, mtu mwema tu, kiziwi kidogo. Kikapu cha kahawa ya kutafuna kikazungushwa kama kawaida yetu, kila mtu akachukua punje zake. Kilipofika kwangu kikaniruka, akapewa aliyekaa kulia kwangu. Nyie, hapo ndipo moyo uliponidondoka. Kahawa hiyo ilichumwa kwenye mibuni yangu.

Wakasema yao. Mimi nimekaa na kitabu changu cha sala mapajani, maana nilitoka nacho kanisani, na kadi imo ndani, ukurasa wa litania. Melkiory akasimama. Sauti ilikuwa inamkatika, sikudanganyi, alikuwa ananipenda kaka yangu.

"Dada," akasema, "sitaki maneno mengi. Apa kwa kitabu hicho ulichokishika kwamba hukumpeleka mtoto wangu huko, nami nitakuamini wewe, si mama wala mtu mwingine."

Nikamtafuta Koku kwa macho. Alikuwa nyuma ya mama yake, shali imefunika mkono. Kitabu kilikuwa chini ya kiganja changu, ningekifungua tu, kadi ingedondoka yenyewe.

"Siwezi kuapa," nikasema. "Nilimpeleka."

Mzee Yustus akauliza amesemaje, wakamrudia sikioni kwa nguvu: amekiri!

Nilipewa siku tatu niwe nimeondoka. Siku ya pili nafunga mzigo, Koku akaja mbio kupitia migombani, akanipigia magoti, akalia mpaka kamasi zikamtoka. "Shangazi nisamehe. Baba angenitoa chuo. Nipe muda nimalize. Siku nikivaa joho nitasimama mbele ya baba na ukoo wote, niseme mimi mwenyewe, na nitakurudisha hapa kwa mkono wangu." Nikamfuta uso kwa khanga yangu. Nikamwambia, "Soma. Kadi ninayo mimi, usiogope." Niliyatamka nikiamini namfariji.

Nikaja hapa Omurushaka. Nikapanga chumba hiki kwa Mama Ikram, mwanamke Mwislamu mwenye duka la vitenge hapo mbele, watu wa asili ya Tanga. Yeye aliambiwa habari zangu wiki ya kwanza tu, akaja mlangoni akaniuliza, "Mama Avelina, ni kweli wewe mchawi?" Nikamwambia ningekuwa mchawi ningekuwa kwangu. Akacheka, akanipa sukari, na hakuniuliza tena. Lakini wengine! Wanawake wa Kituntu wakija sokoni wanavuka upande wa pili wasipite kwenye ndizi zangu. Mtoto akikohoa karibu nami mama yake anamvuta. Wahenga walisema mchawi mpe mwanao akulelee. Mimi walinipa wao wenyewe mtoto nikamlea miaka kumi na minane, ndipo wakaniita mchawi.

Mama yangu alifariki mwaka wa pili. Alikufa akiamini. Nilikwenda, nikasimama na majirani, si na wana wa marehemu, na nilipotaka kutupa udongo mtu akanishika bega taratibu akanirudisha nyuma. Siku tatu baadaye nikampigia Koku simu. Nikamwambia, "Bibi yako amekwenda na jina langu baya kaburini. Sema sasa." Akasema, "Shangazi, umebaki mwaka mmoja na nusu tu." Niliumia, nikaumia sana, lakini nikahesabu. Si nimezoea kuhesabu miezi?

Novemba iliyopita akavaa joho. Habari nilizipata sokoni: Melkiory amechinja, kigango kizima kimealikwa, hata waimbaji wa Igurwa wamekodiwa. Siku hiyo niliamka nikaoga, nikavaa kitenge cha Mama Ikram na viatu vya kanisani, nikakaa kwenye kigoda hicho ulichokalia, kitabu cha sala mkononi. Nilijiambia watanifuata na gari. Saa nne, saa sita, saa tisa. Mama Ikram akapita akaniuliza unasafiri? Nikasema nangoja wageni. Jua lilipogeuka nikavua viatu, nikachemsha maharage.

Wiki mbili baadaye, mchana kweupe, Koku huyo mlangoni. Amenenepa kidogo, amependeza, nywele za kusuka. Akapiga magoti vizuri kama nilivyomfundisha. "Shikamoo shangazi." Moyo wangu mjinga ukaruka. Nikasema kumbe alitaka kuja mwenyewe kunichukua.

"Marahaba mama. Umesema?"

"Nimesema nini?"

Nikamtazama tu. Akaelewa, akachezea pochi yake. "Shangazi, mambo yamekuwa mengi. Winston amekuja na mshenga, baba amekubali. Harusi mwezi ujao. Na wao wanataka mtoto mapema, mama yake kashaanza kuuliza." Akashika mkono wake juu ya kiwiko. "Hiki kimeshapitiliza miezi miwili. Kayanga siendi, wifi yangu mtarajiwa anafanya kazi pale. Nikasema twende tena kwa yule nesi. Kadi si unayo?"

Ninayo. Nilikuwa nayo siku zote. Nikachukua kitabu, nikavaa vilevile viatu, tukaenda. Utaniuliza kwa nini. Hata Mama Ikram aliniuliza. Sijui. Mtu uliyemfuta kamasi tangu ana miaka miwili akikwambia twende, miguu inatangulia.

Njiani alikuwa na furaha, akinisimulia. Kumbe chuoni alikuwa mwelimishaji rika, anawafundisha wasichana wa mwaka wa kwanza mambo ya uzazi wa mpango. "Nilikuwa nawaambia wasione aibu, shangazi. Mwili ni wenu, semeni ukweli. Nilikuwa nakunja mkono wa shati mbele ya ukumbi mzima nawaonyesha hiki hapa, mimi mwenyewe ninacho. Wananipigia makofi!"

"Wangapi?"

"Mia mbili, wakati mwingine mia tatu."

Mia tatu. Na pale sebuleni kwa baba yake mbele yake tulikuwa watano, ukihesabu na kuku.

Shufaa alikitoa bila shida. Akasoma kadi, akatazama tarehe, akamgombeza kwa kuchelewa, akaandika kimetolewa, akamrudishia. Tukatoka nje, tukasimama pembeni penye shimo la maganda kungoja gari. Koku akaishika ile kadi akaisoma mbele na nyuma, kwa makini, kama wanavyosoma watu wa sheria. Halafu akaichana. Vipande viwili, vinne, vinane, mpaka jina lake likawa halisomeki. Akavimwaga shimoni, akapangusa viganja.

Akageuka akanitazama, na usoni ameng'aa kama mtu aliyepona homa.

"Shangazi, kwa kweli nilikuwa silali," akasema. "Miaka yote hii nilikuwa nawaza, siku moja shangazi atachoka, ataichukua ile kadi ampelekee baba. Lakini hukufanya. Mungu akubariki. Sasa yameisha, tuko huru."

"Tuko?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na neno lako la joho?"

Akashusha pumzi, pole pole, kama anayesema na mtoto. "Watu wameshasahau, shangazi. Ukiyafukua sasa hivi utajichafua mwenyewe. Nani atakuamini? Ushahidi uko wapi?"

Huyo ndiye niliyemfundisha kuoga. Nikataka kumzaba kibao, haki ya Mungu, mkono ukainuka. Gari likaja. Akanikumbatia kuniaga, maana yeye alikuwa anashukia njia ya Kituntu na mimi naendelea Omurushaka, akaona tuagane kabisa hapohapo. Viganja vyake vikapanda na kushuka kwenye mikono yangu, kama alivyofundishwa na bibi yake. Vyangu nikavishusha chini nikaviacha hapo.

Harusi ni Jumamosi hii. Jana wifi yangu Mackrine amenitumia ujumbe, wa kwanza tangu nitoke pale. Ameandika: "Wifi, habari za siku nyingi. Tulitamani sana uwepo lakini kadi zimekwisha. Utuombee." Nilicheka peke yangu humu ndani, nikacheka mpaka nikalia, mpaka Mama Ikram akaja kuchungulia kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu, mama, nilikuwa na kadi moja, nayo imekwisha.